Nyanya, Mama Ameokota Viazi vya Watu

Mpendwa Nyanya,

Ungekuwa hai ungenicheka. Mjukuu wako, bingwa wa Kitale nzima, amejibanza nyuma ya pazia hapa Saltley, huku kwa Waingereza, anachungulia barabara kama kuku aliyeona mwewe.

Unakumbuka tulivyoifuata mashine ya kuvuna mahindi? Ulinizuia ukingoni mpaka trekta la mwisho litoke. "Bado, wewe! Mwenye shamba hajamaliza." Likishatoka unafunga leso kiunoni, tunaingia kuokota yaliyobaki, na hakuna aliyetuita wezi. Mimi nilijaza gunia kabla yako. Sawa, nilikaribia. "Mdomo wako ungekuwa jembe," ulisema, "tungelima mpaka Uganda."

Ticha wa historia anasema karne ya kumi na nane maskini wa vijijini huku nao waliokota ngano hivyo hivyo. Ukiachwa mganda mmoja wa ngano umesimama shambani, maana yake msiingie bado. Nikainua mkono kujigamba kwamba kazi hiyo naijua, darasa likacheka. Halafu akaendelea: matajiri wakazungushia ua malisho ya wote, mavuno yakaongezeka kweli, na maskini wakabaki kuomba mkate parokiani, kanisa la kijiji lililogawa msaada. Kama hukuzaliwa hapo, parokia inakupakia kwenye mkokoteni, inakurudisha kwenu. Hapo kicheko kiliniisha. Makaratasi yetu ya kuishi huku bado hayajatoka.

Na jana Mama alipita kwenye vishamba vya kukodi karibu na reli. Mzee mmoja alikuwa amechimba viazi vyake. Mama alisubiri ukingoni, kama ulivyomfundisha, mpaka mzee akabeba ndoo akaingia kibandani. Ndipo akaokota vilivyosahaulika udongoni. Mzee akatoka na simu mkononi, anapiga kelele, "Mwizi!" Mama akakimbia, kiatu kimoja kikabaki topeni.

Viazi viko chini ya sinki, hakuna anayethubutu kuvipika. "Wakituandika wezi, ni ndege moja kwa moja kurudishwa kwetu," Mama ananong'ona. Nimemwambia Kiingereza changu kitawamaliza polisi wawili kwa mpigo. Kisha nikarudi nyuma ya pazia.

Sasa hivi kuna mtu anagonga. Mama ananivuta shati: "Usifungue, baba!" Mlango unagongwa tena. Kupitia kioo naona kofia tu, sijui ni ya mzee au ya askari.

Nakwenda kufungua. Wakiuliza ni nani aliyeokota viazi, nitasema ni mimi. Nimewahi kudanganya mengi ya kujisifu, Nyanya. Uongo huu mmoja niombee uaminike.

Pumzika huko uliko.

Mjukuu wako