Ouma na Magak ni Mtu Mmoja

Japuonj,

Ndivyo ulivyonifundisha kumwita mwalimu kwa Kijaluo, mimi Mkuria wa Isebania, na ukacheka kila nilipolitamka. Leo sitaki kukuita Daktari. Daktari lilikuwa jina la mlangoni, na mlango wa ofisi yako hapa chuoni Rongo umeshabandikwa jina la mtu mwingine.

Tangu tukuzike kwenu Kisegi sina raha. Maabara imepoa. Chupa za sampuli za maji ya mto bado naziosha kwa asidi jinsi ulivyotaka, ukinisimamia kama mama mkwe. Nikimaliza nakaa tu. Akina mama wa machimboni Migori nao bado wanachoma dhahabu na zebaki kwenye jiko lile lile wanalopikia uji wa watoto. Hawajasoma hata makala yako moja. Najua hilo ndilo lililokukosesha usingizi, wala si cheo.

Huko nje hawana habari kwamba umekufa. Juzi nilifungua ule ukurasa wa mtandaoni unaohesabu makala za watafiti na mara ambazo wenzao wamezirejelea. Hesabu yako inapanda. Kuna mtu wa Peru, ambako pia wanasafisha dhahabu kwa zebaki, ameirejelea kazi yako ya machimbo. Nikageuka nikuambie. Kiti kitupu. Iliniuma, Japuonj, iliniuma sana.

Tena humo mtandaoni wewe ni watu wawili. Makala za mwanzo, za zebaki ndani ya samaki wa ziwa, uliziandika kwa jina B. Ouma. Ulipomzika baba yako ukaliacha Barnaba la ubatizo, ukaanza kuandika O. Magak, yaani Ouma wa Magak, ili jina la mzee liendelee kuitwa. Kompyuta haijui matanga. Ilikugawa nusu kwa nusu. Vyeti vyako vinasema Barnaba Ouma, basi kamati ya kupandisha vyeo ikahesabu makala za Ouma tu, ikasema hazitoshi uprofesa. Wakakutaka uyaandikie majarida yazibadilishe zile za Magak ziwe za Ouma, nao watakupa cheo.

Ukakataa. Nilikusihi mpaka nikachoka. Ukasema, "Boke, wacha tu. Mzee naye atajwe." Nilikuona mkaidi kama punda, na nilikwambia hivyo.

Sasa balaa limeniangukia mimi. Ile makala ya mwisho, ya moshi wa zebaki jikoni, uliniachia niimalize. Nimeimaliza. Mkuu wa idara akaniita, akaniomba niipeleke kwa jina B. Ouma, na zile nyingine nizibadilishe, chuo kikupe uprofesa wa heshima. "Aliteseka bure," akasema. "Mpe basi kile alichostahili." Hakusema vibaya. Nilitamani sana kukubali. Nilikuwa nimeshaiona picha yako ukutani, na neno Profesa chini yake.

Nikaenda kwanza Kisegi kwa mama yako. Nilimkuta akianua omena, dagaa wa ziwa. Nikamweleza yote, polepole. Akauliza, "Nyathina, mtoto wangu, huko mbali bado wanaita yeye?" Nikasema ndiyo. "Na mzee?" Nikasema naye pia, kwa makala za Magak. Akaendelea kuwakusanya samaki. Kisha akasema, "Ouma hakuacha mtoto. Mzee, mtoto wake ni Ouma peke yake. Sasa wewe unataka nitoe jina gani?"

Nilimsaidia kuanua, tukala, nikarudi Rongo nikiwa na hasira na kila mtu, hata na wewe. Mbona uliondoka ukaniachia mambo ya ukoo wenu, mimi mtu wa mbali?

Nimeipeleka jana. Mwandishi wa kwanza ni O. Magak. Uprofesa umekwenda, na mkuu wa idara ananipita kwenye korido kama hanijui. Lakini ndani, pale tunapoeleza zebaki ilivyofika kwenye samaki, nimezirejelea kazi zako zote, za zamani na za karibuni, na ndani ya mabano wamekaa pamoja: Ouma, Magak. Nilipoyaona majina hayo yamekaa ubavu kwa ubavu, nililia.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakuahidi, kila nitakachoandika maadamu ninaishi, nitawataja wote wawili. Yule mtu wa Peru akisoma atadhani ni baba na mwana waliofanya kazi moja. Sitamsahihisha.

Boke