Nati Zilizopigiliwa Mbele

Mdogo wangu,

Usiguse hilo boksi lako la spika. Nampeleka Mama hospitali. Asubuhi alikuwa anafagia, muziki wako uliouacha ukinguruma, spika ikachomoka kwenye ubao ikamwangukia mguuni.

Nilikwambia nati za meno hupigiliwa nyuma ya ubao, ili kila ukikaza bolti meno yazidi kung'ata. Wewe ukazipigilia mbele, eti zinapendeza zikionekana. Kumbe kila ulipokaza ulikuwa unazing'oa mwenyewe! Nami seremala nikiongea, unacheka na rafiki zako: "Dada, rudi jikoni."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hukusikia wewe, guu limevunjika la Mama.

Funga mlango wa uani. ~~Chakula nimekufunikia.~~ Jipikie. Jikoni unakujua, si ndiko ulikonituma?

Mama yuko hapa mlangoni, kasimama kwa mguu mmoja, anashikilia niandike kwamba boksi aliligonga yeye kwa ufagio. Siandiki uongo huo. Na akirudi, ole wako ukimwacha akuombe msamaha.

Dada yako