Jani la isale kwa ajili ya tangawizi

Mama, shikamoo. Mvua ya huku juu ya Kiboriloni inakuja na baridi yake, ila nina mablanketi mawili na nimeshiba mtori, supu ya ndizi na nyama.

Jana nilikaribishwa mbege, pombe ya ndizi ya huku, kwa mama wa mwenzangu wa maabara, Neema. Kwa adabu uliyonifunza, nikawa namaliza kila kata ya kibuyu. Sikujua kwamba hapa kata ikirudi tupu inajazwa tena. Leo asubuhi tumbo likaniendesha.

Mama Neema aliposikia, akaponda tangawizi, akaichemsha, akatia chumvi kidogo. Nikaanza kumweleza tunachokiona kwenye utumbo wa panya: ule ukali wa tangawizi unaufanya utumbo uvute chumvi, na chumvi ikivutwa, maji huifuata badala ya kutoka nje. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mama yako hakuwahi kukupa?"

Ulinipa, Mama. Nami niliporudi kutoka chuo nikakwambia mbele ya wageni kwamba hizo ni imani za kizamani. Tangu nianze kuipima tangawizi kazini, nimeona aibu kukutajia.

Sasa ni mchana, tumbo limetulia. Nimemsimulia Mama Neema kosa langu, naye amenichumia isale mpakani mwa shamba. Huku mwenye kosa hupeleka jani hilo, na anayepelekewa hana budi kusamehe. Nimelibandika hapa pembeni mwa barua. Nikifika nichemshie ile chai yako, nami nitakunywa kimya.

Mwanao,
Tumaini