Upande wa Pili wa Bamba

Mwanaidi, mwenzangu,

Wametuletea mablanketi ya umeme pale gudini. Unalifunga moja nyuma ya bamba, unabonyeza swichi, na kile chuma kigumu cha meli kinapata moto tayari kwa kuchomelewa. Kazi uliyokuwa ukiifanya wewe kwa moto wa gesi, umechuchumaa upande wa pili, mtandio umeusokota ndani ya kofia, sasa inafanywa na waya.

Lakini blanketi halisemi, Mwanaidi. Wewe ulikuwa ukisema mpaka nasahau kiuno kinaniuma. Mara jirani yako wa Likoni aliyeposwa na bwana yule yule mara mbili. Mara unanitania mimi: "Mbithe, wallahi, kwa Kiswahili hicho hata mbuzi atakuuliza umetoka bara gani." Kisha ghafla: "Ngoja! Kinapoa." Nami nangoja, unakipasha tena, tunaendelea.

Tangu homa ile ikuchukue, fundi mkuu ameniuliza zaidi ya mara moja kama nataka mtu mahali pako. Nikamjibu blanketi latosha.

Wiki jana nilikuwa peke yangu ndani ya tangi, nachomelea mshono mrefu wa chini. Waya wa blanketi ukalegea, chuma kikapoa nisijue. Mshono ulitoka mzuri, wa kupigwa picha. Lakini unakijua chuma kile, hakilalamiki siku ile ile. Mpimaji alipokuja baadaye na kifaa chake, alifika katikati akasimama. Ufa, ndani kwa ndani.

Hakuna aliyenifokea. "Chimba, urudie," fundi mkuu alisema, basi. Nikauchimba mshono. Na hapo, Mwanaidi, ndani ya barakoa, nikalia. Siku ya maziko yako sikulia. Niliketi na wanawake wa kwenu, leso kichwani, sijui la kuitikia katika dua zao, mamako kanishika mkono kama mimi ndiye mfiwa.

Sikulilia mshono. Nililia kwa sababu nilisema kwa sauti, "Bado kina moto?" na tangi likanirudishia sauti yangu.

Jana nilimwendea fundi mkuu nikamwambia, nipe mtu. Jumatatu anaanza mama mmoja wa Mtopanga, Rehema. Wanasema ni mkimya sana.

Kwaheri, mwenzangu. Mola akupe wasaa huko uliko. Nakuahidi sitamwacha Rehema akae kimya upande wa pili. Nitaanza kuzungumza mimi, kwa Kiswahili changu hiki hiki.

Mbithe