Minza Kataja Ng'ombe

Jumatatu, 10 Februari

Uji wa chumvi tena. Sukari imepanda, sinunui. Nimepalilia pamba mpaka jua likawa kali, nikarudi kuwachemshia watoto michembe. Viazi vikavu hivi vinajaza tumbo, ila hata mimi vimenichosha. Mafuta ya kupima yameisha. Mwenye duka anasema bei siyo yake. Ya nani basi.

Minza amerudi na habari. Alhamisi kuna mkutano wa wazazi shuleni. Wazazi wengi wanataka kuacha kupeleka mahindi ya chakula cha mchana, maisha yamepanda. Mwalimu kasema safari hii watoto nao waseme. Darasa la sita wamemchagua Minza wangu. Nimefurahi. Halafu nikaogopa.

Jumanne, 11 Februari

Naogopa mdomo wa mtoto huyu. Nimemkalisha jikoni. Nimemwambia ataje vya dukani tu. Mafuta, sukari, sabuni, mkaa. Ya ndani yabaki ndani.

"Na ng'ombe, mayu?" Akiniita mayu badala ya mama, ana lake.

Nimemziba mdomo kwa mkono wenye unga.

Ng'ombe wa mume wangu wako Nkololo kwa mdogo wake. Wengi. Ukiona sahani zetu huwezi kujua. Huku mwanaume anapimwa kwa zizi. Akiuza ng'ombe anunue sukari, wenzake watamcheka mpaka azeeke. Anauza kwa msiba, anauza kwa hospitali. Njaa ya mchana siyo msiba. Ndivyo nilivyokuta nilipoolewa. Sijawahi kufungua mdomo.

Jumatano, 12 Februari

Minza anahutubia kuku uani. Nimesikia mafuta. Nimesikia sabuni. Ng'ombe sijasikia. Mungu saidia.

Alhamisi, 13 Februari

Kasema.

Alianza vizuri. Kataja bei moja moja, sauti haitetemeki. Kasema, "Kwetu mafuta tunayajua kwa harufu, jirani akikaanga." Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi, nikadhani kamaliza.

"Lakini baba zetu wana ng'ombe. Kwenye mahari wapo. Kwenye uji hawapo. Tunaomba hata mmoja aje kutusalimia."

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee mmoja wa nyuma akapiga paja lake. "Huyu mtoto kanisema mimi!" Wanaume wakaangua kicheko, kina mama wakapiga vigelegele. Mume wangu peke yake hakucheka. Aliangalia makatambuga yake ya tairi mpaka mkutano ukaisha. Wamekubaliana chakula cha shule kiendelee, kila nyumba ipeleke mahindi.

Njiani alikuwa mbele, sisi nyuma. Nyumbani akamwita Minza. Nikasimama katikati yao. Sijui miguu ilinipelekaje. Nikamwambia, "Hajasema uongo, Baba Minza. Mimi ndiye ningepaswa kusema zamani." Akatuangalia sote wawili. Akatoka nje. Hakugombeza. Afadhali angegomba.

Ijumaa, 14 Februari

Ameondoka bila chai. Hakuaga. Kashika njia ya Nkololo kwa miguu.

Najua kinachokuja. Ataita ndugu zake, waje wanikalishe chini, waseme namfundisha mtoto kudharau. Labda wanirudishe kwetu Ipililo. Nimeunguza michembe. Minza ananiuliza, "Ni kwa sababu yangu?" Nimemwambia hapana. Nimemkumbatia mpaka akalalamika namkaba. Shambani sikwenda.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Jioni bajaji imesimama mlangoni. Nikajua ndugu hao. Kumbe ni yeye peke yake, kabanwa na magunia ya mahindi, dumu la mafuta mapajani kama mtoto mchanga. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Mwadila." Kaitikia vizuri. Halafu akapaza sauti majirani wote wasikie:

"Mheshimiwa! Njoo umpokee ng'ombe wako, kaja kukusalimia."

Minza katoka nyuma ya mlango pole pole, haamini. Baba yake kamtwisha mfuko wa sukari kichwani. Kamwambia, "Gunia hili la shule. Utalipeleka mwenyewe, ukamhutubie na mpishi."

Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kilio kizuri.

Jumapili, 16 Februari

Tumetoka kanisani. Nimekaanga kabichi na vitunguu, mafuta sikuyabana. Watoto wamepangusa sahani kwa vidole.

Mume wangu ametusimulia mnada wa ng'ombe wa jana. Kumbe alimficha maksai wake nyuma ya lori, asionekane na mtu wa huku. Kuzunguka lori, akamkuta yule mzee aliyepiga paja, kamba mkononi, naye kajificha. Na pembeni yake baba mwingine wa mkutanoni na mtamba wake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Wote watatu wakatazama juu wakaanza kuongelea mvua.

Kacheka mpaka kapaliwa na ugali. Nimempiga mgongoni, nami nacheka. Siku nyingi sijacheka naye hivi.

Mchana mvua imenyesha. Siyo kubwa, ila pamba imekunywa. Minza kalala mkekani, tumbo juu. Nimemfunika kanga.

Sina zaidi leo. Moyo umetulia.