Nyanya za Kisiki cha Mnanaha

Nairobi, msimu wa mvua

Kaka yangu Komora,

Pokea salamu za mdogo wako Jilo, na unisamehe zikiwa za mbio. Mimi ni mzima, baridi tu ya huku inanitafuna mifupa. Nyinyi hamjambo? Leo siulizi kwa mazoea, nauliza kwa hofu.

Jirani yetu Maro alinifikishia kikapu chako cha nyanya. Akajisifia kwa niaba yako, jinsi ulivyokata gugu la mnanaha ukabebesha kisiki chake mche wa nyanya, zikazaa bila kunyauka. Mazao ya kwanza ukampa nyanya yetu, kama ilivyo desturi. Kisha akasema siku hizi nyanya anaongea na marehemu babu, anachuma vitu hewani, na kijiji chetu kizima cha Hewani wanasema ni pepo.

Tunda moja nikampelekea daktari wa mimea ninayemfanyia kazi. Akalikamua, akamtia paka tone jichoni. Mboni ikafunguka mpaka jicho likawa jeusi tupu, na jua linawaka! Akaniambia, "Jilo, sumu ya mnanaha haitengenezwi majanini. Inapikwa mizizini. Mle mna kitu mfano wa chachu, hakionekani, wala hakijali juu umebebeshwa nini. Kinapika tu, sumu inapanda na maji."

Ulikata kichwa, kaka, ukaacha jiko linawaka.

Nikakimbilia posta. Kwa haraka yangu nikaandika telegramu fupi: NYANYA SUMU TENGA. Jana nikapata jibu lako: "Tumemtenga kibanda cha ng'ambo ya mto. Hatumkaribii. Chakula anacho, nyanya tele."

Komora! Nyanya yenye sumu ni ya shambani, si mama aliyemzaa baba yetu! Nimerudi posta, wanasema waya umekatika kwa mvua. Basi namkabidhi Maro anayerudi huko barua hii, na nasikia mto Tana umefurika. Tafuta mtumbwi, vuka, mpokonye nyanya hizo, umpeleke hospitali ya Ngao. Visiki vyote ng'oa na mizizi yake.

Nisalimie mama, shemeji na watoto. Nyanya sikutumii salamu zake, nenda nazo mwenyewe sasa hivi. Akikuita kwa jina la babu, itika, usimkimbie. Ukimkuta kimya, mfumbe macho, wala usiniandikie kuwa alikuwa mchawi.

Ndugu yako,
Jilo