Kijani Chini ya Ganda

Bunia, Ngezi, tarehe 9 Januari 2003

Léontine, mutoto wangu,

Hii barua ikukute ungali unapumua, sawa vile mie bado napumua. Kifua yako inaendelea aje? Unakula, ao unakunywa tu chai ya wazungu? Siye tuko. Mugongo unaniuma, lakini mugongo uliobeba mutoto toka Bule mpaka Bunia kwa miguu, usipouma utakuwa mugongo wa nani? Glodie yako iko muzima. Meno mbili za mbele zimeng'oka, na bado anakula kama siafu.

Kamate, ule mufanyabiashara mwenye kamio ya kubeba mizigo, ameleta bahasha yako kutoka Kampala. Makaratasi ya mutoto nimeelewa: Glodie apande kamio ya Kamate, wapite Mahagi, wavuke Uganda, na Kampala apande ndege kuja kwako. Miaka yote hii nimemulea, leo mama yake anamuita, ni haki yako. Sina neno. Neno langu ni ile picha.

Umesimama mbele ya nyumba yako, umevaa manguo hata shingo haionekani, unacheka. Nyuma yako miti yote iko uchi. Hakuna jani hata moja, matawi meusi, na chini majivu meupe mpaka kwa mulango. Léontine, nani alichoma huko?

Usinifiche. Ile picha naijua. Bule walipochoma, shamba yetu ya kahawa ilibaki hivi-hivi, miti imesimama imekufa na majivu inafika kwa kifundo cha muguu. Na weye unacheka! Mutu anacheka mbele ya majivu juu ya kuwa kuna mwenye alimuambia acheke. Nani alishika ile aparei ya picha?

Sasa nimutoe mutoto mu moto wa huku nimutie mu moto wa kwenu? Aka! Hatoki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi anashituka, na mie nyoka waliniuma.

Mama yako,
Priscille


Sherbrooke, Kanada, 2 Februari 2003

Mama yangu,

Jambo sana, na mugongo pole. Kifua yangu imepona. Ninakula, Mama, hata ugali nimepata duka inauza unga. Barua yako ilinichekesha, halafu nililia peke yangu mu jikoni.

Hakuna vita huku. Hakuna mutu alichoma kitu. Ile si majivu, ni theluji: mvua inaganda kule juu, inaanguka kama unga wa muhogo, inabaki chini miezi mingi. Mwenye alipiga picha ni Olivier, patron wangu wa kazi, kule tunaotesha miche. Nilicheka juu nilikuwa nimetoka kuanguka matako chini.

Miti haikukufa, inalala. Baridi ikikaribia, muti unavuta chakula toka majani, unaiteremusha chini, halafu unaachilia majani yaanguke. Jani ni maji, na maji ikiganda inapasua. Muti unajivua kusudi usikufe. Nyuki za Olivier nazo hazikimbii. Zinajikusanya mu muzinga, zinashikana pamoja, malkia katikati, zinatetemeka usiku na muchana ili joto ipatikane. Zile za inje zikichoka zinaingia ndani, zingine zinatoka kuchukua nafasi yao, na zinakula asali yao polepole mpaka jua irudi. Kuna nyama mukubwa wa pori anaitwa dubu, huyo analala miezi yote ya baridi bila kula. Na kuna chura anaganda chini ya majani makavu, moyo unasimama, ukimugonga ni jiwe kabisa. Joto ikirudi, anaamka anaruka.

Mama, radio inasema mambo ya huko kwetu Ituri kila siku. Ruhusa ya Glodie ya kuingia huku inaisha mwisho wa Aprili. Ikipita, tunaanza upya, na sijui kama huko kutakuwa bado barabara ya kupita. Nakuomba, umutoe.

Mutoto wako,
Léontine


Bunia, Ngezi, 27 Februari 2003

Léontine, kama ni weye,

Salamu za hapa ni za watu wanaolala na viatu. Usiku tunasikia masasi ya bunduki upande wa kule, asubuhi tunaenda soko kama hakuna kitu. Mutoto hajambo. Mugongo, usiulize.

Barua yako nilimusomea Brigitte, ule jirani wa upande wa kisima. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanitazama kama mutu anayetazama mwenye kufiwa.

Mutoto wangu Léontine alikuwa anaogopa chura mpaka anapanda kwa meza. Leo anamugonga kama jiwe? Moyo umesimama, halafu anaruka! Lazaro aliitwa na Bwana, chura wenu nani alimuita? Na huyo dubu, miezi yote bila kula, choo anaenda wapi? Njia ya muongo ni fupi, mama. Mutu amekushika huko, anakusomea la kuandika, na yeye hajui hata kudanganya vizuri.

Na huyu Kamate. Kila akifika Bunia, wa kwanza ni kwangu: "Mama Priscille, mutoto iko tayari?" Haraka yake ya nini na mutoto wa watu? Nilimuuliza mama yake ni nani, akanitajia Mbambu, muuza samaki wa Butembo. Vizuri. Watu wa Butembo wako wengi hapa, nitaulizia.

Sasa sikia. Weye umelelewa mu kahawa. Muti ukikauka, siye tunafanya nini kwanza, mbele ya kuleta shoka? Tunakwaruza ganda kwa ukucha. Chini kukiwa kijani, shoka inarudi nyumbani. Kukiwa kahawia, ni kuni. Mutoto yeyote wa Bule anajua. Umeniandikia maneno yote ile juu ya miti, na hukusema kama ulikwaruza! Huyo si mutoto wangu anaandika.

Nitumie tawi. Nitakwaruza mie mwenyewe. Mbele ya hapo, mutoto anabaki.

Mama yake Léontine, mahali popote Léontine iko,
Priscille


Sherbrooke, 16 Machi 2003

Mama,

Habari ya mugongo, habari ya Glodie, habari ya usiku. Leo sina salamu ndefu, umenikasirisha. Masasi inalia kwa mulango na weye unaulizia choo ya dubu!

Lakini nilitoka. Mbele ya nyumba, kwa kituo cha bisi, kuna muti mukubwa. Ni wenyewe uko nyuma yangu mu picha. Miaka yote ninangojea bisi chini yake, sikuwahi kuugusa. Nikavua glavu, nikakwaruza. Mama, ni kijani. Kijani ya kahawa yetu. Nililia pale, watu wananitazama, bisi ikaniacha. Ulisema kweli, nilikuwa nimesahau.

Tawi ni hii. Nimefunga mwisho wake na kitambaa chenye maji na sashe ya plastiki juu. Anaibeba Émilienne, mwenzangu wa kanisa, anaenda Kampala kwa matanga ya baba yake, ataweka mu mukono wa Kamate. Kwa ncha utaona kitu kinene kinachonata. Upasue na kisu. Sikuambii kiko na nini ndani, ungesema kuna mutu amenisomea.

Ulizia huyo Mbambu upesi, Mama. Siku zinaenda.

Mutoto wako, ni mie kweli,
Léontine


Bunia, Ngezi, Pasaka, 20 Aprili 2003

Léontine mama,

Bwana amefufuka, na siye tungali tuko. Kifua yako ikae vizuri, na weye ukae vizuri.

Tawi ilifika. Nikakwaruza: kijani. Sikuamini. Nikasema labda walipaka, nikakwaruza upande mwingine, nikalamba. Chungu. Rangi haina uchungu ya namna ile.

Halafu nilipasua kile kinene, na Glodie amesimama kwa meza. Inje ni utomvu, inanata mpaka kisu inakataa kutoka. Chini yake maganda madogo, moja juu ya lingine, sawa majani ya kuezeka nyumba. Chini yake manyoya meupe kama ya kifaranga. Na ndani ya manyoya, Léontine, majani! Madogo, yamekunjwa, yamekamilika, hakuna kinachokosa. Majani ya mwaka ambao haujafika, yamejifunika yanangoja. Glodie akaniambia: "Koko, imevaa kama Mama mu picha."

Nikaenda kuchukua picha. Nikaona unacheka kweli.

Mbambu ni kweli muuza samaki, na watu watatu wameniapia kama Kamate ni mutoto wake. Kumbe haraka yake ilikuwa woga: anasema askari wa Uganda wenye kushika Bunia wanakaribia kuondoka, na wakiondoka hapa hapatakalika. Kwa hiyo mutoto anapanda kamio kesho. Nimemufunga nguo tatu moja juu ya ingine.

Mie ninabaki. Karatasi yangu haiko, na kamio itanivunja huu mugongo. Hakuna jani moja ya shamba yangu imebaki, lakini ile tawi yako nilikwaruza ni kijani, nataka niione ikichipuka. Naogopa, Léontine. Nimesema mara moja, sitarudilia.

Fanya sawa nyuki. Mutoto akae katikati, weye ukuwe inje.

Chura, simuamini bado.

Koko yake na mama yako,
Priscille


Sherbrooke, 25 Mei 2003

Mama,

Nilikuandikia siku Glodie alifika, ninaandika tena leo. Alifika na nguo zake tatu na jasho. Iko hapa mbele yangu, anachora. Miti yote imetoa majani, hata ule wa kituo cha bisi.

Radio inataja Bunia asubuhi na jioni, inasema wafu wako mu barabara. Kamate anasema hakuna kamio inaingia. Hii barua anaishika, ataileta siku barabara itafunguka. Nijibu, hata neno moja. Nitukane tu.

Mutoto wako,
Léontine


Sherbrooke, 14 Septemba 2003

Mama,

Kamate amefika Ngezi. Amekuta nyumba haina mulango, na Brigitte haonekani. Hakuna mutu wa kuulizwa. Hii barua ataiacha kwa parokia.

Mama, uko wapi?

Léontine


Bunia, 2 Novemba 2003

Kwa binti yangu mpendwa Léontine,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Kwa neema yake mimi mama yako ni mzima, na barua yako nimeipokea hapa parokiani kwa furaha. Nakushukuru kwa wema wako na upendo wako wote. Tafadhali nijulishe mtoto anasoma shule gani, na shule hiyo iko mahali gani. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.

Ni mimi mama yako mpendwa,
Priscille


Sherbrooke, 7 Desemba 2003

Kwa mutu aliyeandika barua ya tarehe 2 Novemba,

Sikujui, kwa hiyo salamu ni moja tu. Haya maandiko si ya mama yangu. Mama yangu hajanishukuru toka anizae. Hajaniandikia barua hata moja bila kutaja mugongo wake. Na weye unauliza shule ya mutoto! Unaitakia nini? Kama ulimukuta mama yangu mahali, niambie, hata kama ni chini ya udongo, nitakuombea maisha yangu yote. Lakini usivae jina yake.

Na kama ni weye, Mama, unisamehe. Hii mashaka nilinyonya kwako.

Kwa hiyo nina swali moja. Kila asubuhi akienda shule, Glodie anavua glavu, anakwaruza ule muti wa kituo cha bisi, anasogeza mudomo, anauambia neno pole-pole, halafu anaenda zake. Toka afike hajalia. Radio iliposema ya Bunia, mie nilianguka chini. Yeye alitoka inje, akakwaruza, akarudi akamaliza ugali wake. Nikimuuliza anaambia muti nini, anasema Koko alimukataza kusema, pale kwa kamio.

Kama ni weye, niambie hilo neno.

Léontine


Bunia, kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, 18 Januari 2004

Weye Léontine,

Mugongo unauma! Umesikia? Unauma kuliko zamani, tunalala chini ya hema na udongo ni baridi. Kifua yako? Na ugali ya huko, muchuzi wake ni nini?

Anaandika ni Hortense, katekista wa hapa. Ile ya kwanza nilimutajia maneno yangu, yeye akaondoa matusi yote akatia Mungu akubariki. Leo nimekaa karibu naye, anaandika hivi-hivi ninavyosema, na anisomee mbele ya kufunga. Mukono wangu wa kuume walinikata mu mwezi wa tano, vijana wenye mapanga, pale kwangu Ngezi. Umepona. Vidole vitatu haviko, haushiki biki ya kuandika. Sikutaka ujue, njo maana sikusema. Sasa umenilazimisha, shauri yako. Brigitte alikufa siku ile ile.

Ulifanya vizuri kukataa. Ungeamini ile barua ya sukari, ningekupiga.

Shule niliuliza juu nilitaka kujua kama kuna miti inje.

Neno ni hili. Pale kwa kamio mutoto alishika kitenge yangu, hataki kuachilia, Kamate anapiga honi. Nikainama kwa sikio lake, nikasema: "Huko utakuta miti inaonekana imekufa. Usilie mbele ya kukwaruza. Chini kukiwa kijani, sema, Koko iko. Na usimwambie mama yako, yule analia upesi." Akaachilia kitenge.

Sikumwambia afanye nini siku akikuta kahawia. Hilo liliniuma kuliko mukono, Léontine. Siku ile nilipolala mu mufereji, wafu juu yangu na siye wote tumenyamaza, niliwaza: mutoto anakwaruza sasa, na ataambiwa kijani, na mie niko nakufa. Nitakuwa nimemudanganya. Nikaona haya. Nikalala bila kutetemeka, moyo siusikii tena, hata wale wenye mapanga walinikanyaga wakapita. Kulipokucha na jua ikapiga, muguu wangu ukacheza.

Muulize Glodie kama nimesema sawa. Halafu umwambie anaweza kukusemea neno lake kwa sauti.

Na ule chura wako, nimemuamini.

Mama yako, iko,
Priscille